Mwaka Ilipopatikana Dawa ya Selimundu

Mwaka ule sayansi ilikuwa na kelele kuliko soko la samaki. Nafanya kazi ya udobi katika hoteli moja hapa Al Garhoud, Dubai, na mashine zinapozunguka watu wote wa chumba cha kufulia hushika simu, kwa hiyo hakuna habari inayotupita. Katikati ya kiangazi kulizuka jiwe dogo jeusi kutoka Korea, lililodaiwa kupitisha umeme bila kupoteza hata chembe, tena bila kupoozwa. Kwenye video lilionekana likielea upande mmoja juu ya sumaku. Wataalamu wa dunia nzima wakavaana: huyu kajaribu kashindwa, yule kaona kitu nusunusu. Mwishowe wengi wakasema ni jiwe tu. Kisha Wahindi wakatua mwezini, karibu na ncha ya kusini ambako hakuna aliyewahi kutua, na msimamizi wetu, mtu wa Kerala asiyejua kucheka, akatugawia vitamutamu vya kwao huku machozi yakimlenga. Nilivila na nikampongeza. Lakini moyoni nilikuwa nimekasirika. Mwezi wameufikia, mawe wameyagombania, na mwanangu je?

Mwanangu ana selimundu. Anaishi Mombasa na mama yangu, na mwaka ule alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili. Asiyeujua ugonjwa huu ashukuru. Chembe za damu hupinda kama mundu, huziba mishipa, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa mpaka sauti inakauka. Mimi niko Dubai ili asikose vidonge vyake, vinavyopunguza maumivu lakini haviponyi.

Mwaka ulipokuwa unakwisha, mchana mmoja tukiwa mapumziko chumbani kwetu Al Muraqqabat, mwenzangu wa kitanda cha juu, askari wa bohari kule Jebel Ali na mtu wa Nakuru, aliruka chini na simu yake.

"Dada, hebu cheki hii! Ile sickle cell ya mtoi wako, wamepata cure. Si vidonge, aki, ni cure kabisa! Uingereza wameipitisha."

Nilisoma mpaka herufi zikacheza. Mgonjwa hutolewa chembe zake mwenyewe za uboho, zikarekebishwa kwenye maabara, akarudishiwa. Kuanzia miaka kumi na miwili. Nilipiga kigelegele, walalao wakaamka, na sikumwomba mtu radhi. Nikampigia mama.

"Mama, imepatikana."

"Nini?"

"Dawa ya mtoto. Ya kumponya kabisa."

"Alhamdulillahi," akasema, na akakata.

Mama yangu ni mtu wa nadhiri. Mtoto alipolazwa mara ya kwanza, aliweka nadhiri mbele ya kitanda chake: siku dawa ya ugonjwa huu itakapopatikana, atachinja mbuzi na kusomesha maulidi. Wakati ule daktari alikuwa amemwambia dawa hakuna, naye akaomba lile aliloliona kubwa kuliko yote. Sasa limetimia. Kabla ya wiki kwisha nikatumiwa picha: mikeka imetandikwa mpaka uani, sufuria za pilau, na mwanangu amekaa katikati ya wanawake, kapakwa hina, kavaa gauni jipya, anapigwa mabusu.

Nilimpigia mama papo hapo.

"Mama, haijafika kwetu! Bei yake hata mwenye hoteli hii angekuna kichwa. Na mtu hulazwa, akapigwa dawa kali kabla ya kurudishiwa hizo chembe. Kwetu nani ataifanya?"

"Mimi sikunadhiria ifike, mwanangu. Nalinadhiria ipatikane. Haikupatikana?"

"Imepatikana."

"Basi. Nadhiri ni deni, na Mungu hadanganywi."

Hakukosea. Kabla ya mwaka kwisha Marekani nayo ikaipitisha, na Bahrain pia. Bahrain! Kutoka hapa ni safari fupi ya ndege. Wageni wa huko hulala hotelini kwetu na mashati yao nayapiga pasi mimi. Kule London wanabishana nani ataimudu, nusu ya mabishano yenyewe siyaelewi, na nusu ninayoielewa inanitia kichaa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mpaka mgongo umekwisha, na hicho cha mvunguni bado mkono haukigusi.

Baridi ya Januari ilipoingia hapa, kwao joto likiwa kali, maumivu yalimrudia. Mama alinipigia kwa video kutoka wodini nikiwa kazini. Nilijificha nyuma ya marundo ya mashuka. Mwanangu alikuwa amekunja magoti mpaka kifuani, midomo imekauka, hina ya maulidi imebaki kwenye kucha tu.

"Mama," akasema, "maulidi si tulishasoma? Mbona bado yauma?"

Nikamwambia dawa inakuja.

"Waja nayo wewe?"

Bibi yake alikuwa anaitazama simu, anangoja na yeye. Msimamizi akanihimiza nirudi kazini, "Yalla, sister, yalla!" Machozi yalikuwa yamenijaa hata simwoni mtoto vizuri.

"Ndiyo," nikasema. "Naja nayo mimi."