Nikiita, Itika

Mie mtu wa bondeni. Watu wakisikia Pemba hudhani sote tumezaliwa na karafuu mkononi, ama tumelowa maji chumvi. Ah, wapi! Kijiji chetu kilikuwa juu ya kilima, na chini yake bonde la mpunga, matope mpaka magotini. Karafuu zilikuwa za wengine. Chetu sisi kilikuwa kile kibonde tu, na mpunga ukiharibika, basi ni muhogo asubuhi na muhogo jioni mpaka uuchukie.

Mpunga ukishatia maziwa, mnana huja. Ndege wadogo, lakini wana njaa hao! Hapo kila mwenye kipande hujenga dungu, kichanja cha miti chenye paa la makuti, akapanda juu yake tangu alfajiri, kombeo mkononi na kopo la kugonga. Dungu la mama lilitazamana na la shoga yake, ambaye nikimwita mama mdogo ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Walikua pamoja, wakaolewa msimu mmoja, na mashamba yao yaligawanywa na tuta moja tu.

Na palikuwa na desturi. Ukifukuza ndege kwako wanakwenda kwa jirani, kwa hiyo unapiga ukelele, "Haiyaa!", kumwambia ajiangalie, wanakuja. Naye lazima aitike, "Haiyoo!", ujue amesikia. Asipoitika, unashuka kwenda kumwangalia, maana huenda kaumwa na nyoka. Bonde zima likizungumza hivyo kutwa. Mama mdogo aliivuta ile "yoo" yake mpaka ucheke, na mama akisema, "Mwenzangu huyo, pumzi kama ana mapafu manne!"

Basi ikaja siasa. Miaka ile hata kikohozi kilikuwa na chama. Palikuwa na duka letu na duka lao, kisima chetu na kisima chao, na mtu aliona bora akae gizani kuliko kununua kibiriti kwa mpinzani. Watu hawakukaa wakatulia. Kila mara mtu anainuka, anachungulia nani kapita, kaingia kwa nani, kamsalimia nani. Hata mimi, msichana niliyekuwa nikingoja kuposwa tu, nilishindwa kumaliza kusuka ukili mmoja wa mkeka bila ya kusimama kwenda mlangoni, na ukiniuliza nilikwenda kutazama nini, sijui.

Baba alikuwa upande huu, mume wa mama mdogo upande ule. Siku moja wakatukanana, tena uani mwa msikiti, astaghfirullah! Baba aliporudi alisema, "Kuanzia leo, hata mkewe asisemeshwe na mtu wa nyumba hii." Mama alikuwa akipepeta mchele. Akaendelea kupepeta.

Kesho yake bondeni tukasikia, "Haiyaa!"

Mama alikuwa akifunga kamba ya kombeo. Nikamwambia, "Mama, unaitwa."

"Nimesikia. Nina masikio."

Hakuitika. Mama mdogo akaita tena, akaita tena, kisha akanyamaza. Toka siku ile ikawa kila mmoja anawafukuzia ndege wake kwa mwenziwe, kimyakimya, na wale mnana wakanenepa kwa kwenda na kurudi. Wazee husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nikajisemea haya, yatakwisha, na mie nikangoja wakati wa kapu. Nilingoja mpaka nikachoka.

Sasa tazama balaa lilivyo. Zamani kimya kilikuwa na maana moja: shuka, nenda, mwenzio ana shida. Sasa kimya kikawa na maana nyingine: amenuna. Na kimya ni kimya, hakina rangi.

Asubuhi moja sikuliona kombeo la mama mdogo likizunguka. Kopo lake halikulia. Nikasema, "Mama, leo kuna nini kule?"

"Kununa tu. Kaa."

Nikakaa. Nikainuka. Nikakaa. Jua likapanda, na ndege wakatua kwenye mpunga wake mpaka masuke yakainama. Nikasema tena, "Mama, wanaula wote."

"Wewe mtoto una mchwa makalioni? Nimesema kaa!"

Lakini na yeye alikuwa hatulii. Aligonga kopo ambapo hapakuwa na ndege. Adhuhuri ilipita, akatazama ule mpunga unavyoliwa, na mkulima haoni mpunga unaliwa akastahamili, uwe wa nani. Akashuka dungu kwa hasira. "Nakwenda kwa ajili ya mpunga," akanambia. "Si kwa ajili yake. Usikie vizuri!"

Akavuka tuta. Nikamwona anapanda ngazi ya dungu lile. Kisha nikasikia sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mama, wala sitaki kuisikia tena.

Mama mdogo alikuwa amelala chali, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umekufa, kombeo bado limo katika ule wa pili. Macho yalikuwa hai. Alimtazama mama, na koo lake linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, sauti haitoki.

Wanaume wakaja mbio na kitanda, wa huku na wa kule. Walipofika wakasimama! Wallahi wakasimama, wanatazamana nani ashike mguu gani wa kitanda. Mama akawafokea, baba akiwa mmoja wao: "Shikeni! Au kitanda nacho kina kadi ya chama?" Wakashika. Baba alishika upande wa kichwani, akapanda nacho kilima.

Hakufa mama mdogo. Lakini hakusema tena. Nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa kilima, bonde lote liko chini yake, na mama alimwambia yule mume, kwa amri, si kwa ombi, kitanda kikae barazani kila siku asubuhi. Mume akakitoa. Mama akawa analinda mashamba yote mawili, na mimi akanipandisha dungu lile la pili.

"Nikiita, itika," akanambia.

Siku ya kwanza mama aliita, "Haiyaa!", na mie nikaitika hapohapo kwa nguvu zangu zote, maana nilikuwa na hamu, siku zile zote masikio yangu yalikuwa na kiu ya sauti ile. Mama akanipigia kelele toka ng'ambo ya tuta.

"Usifanye haraka wewe! Mwache kwanza mwenyewe!"

Akageuza uso juu, kule barazani. Akasubiri. Nami nikasubiri, na ndege wakatua kwake na kwangu, wakala. Mama hakuinua kombeo. Kitambo kikapita, ndipo akanitazama, akanipa ishara kwa kichwa kuwa sasa naweza, nami nikaitika.

Tulifanya hivyo mpaka tukavuna.