Nyumba ya Magurudumu

Watu wa Ibra walimjua Bi Azza binti Marzouq kuwa ndiye yule Mzinjibari anayelala garini. Hawakumsingizia. Kwa miaka mingi yeye na mumewe Khelef hawakuwa na ukuta wa kuegemea mgongo. Walikuwa na lori kuukuu, na ndani ya lori hilo ndimo walimopika, walimosali na walimougua.

Walifika Oman mwaka 1973 kutoka Unguja, kwa kupitia Dubai, na masanduku yao na cherehani ya mkono. Khelef alikuwa dereva wa gari ya shamba, ile ya bodi ya mbao, njia ya Mkokotoni. Azza alikuwa mshonaji, mtoto wa Mkunazini. Walikuwa wameambiwa kwamba Ibra kuna nyumba ya babu yake Khelef, na kweli nyumba waliikuta, ila imejaa watu. Humoud, mtoto wa ami yake Khelef, aliwapokea kwa kahawa na tende, akawapa chumba cha uani. Tende za mwaka ule hazijavunwa, keshaanza kumuuliza Khelef kama kazi ya Maskati haijapatikana.

Wanawake wa nyumba ile hawakuwa wabaya, lakini Kiarabu cha Azza kilikuwa cha kubabaika, na akifungua mdomo tu wao hucheka. Siku moja akawasikia wakiulizana, naye yupo hapohapo anachambua mchele, kama mtu huyu hata Alhamdu anaisoma sawasawa. Azza aliweka ungo chini. Alipoingia chumbani alimwambia mumewe, "Nitoe hapa. Popote, hata chini ya mti."

Mti haukuwepo. Khelef akalipata lori ambalo mwenyewe keshalikatia tamaa, akalitengeneza injini, kisha akalijengea bodi ya mbao kama ile aliyoizoea kwao, na madirisha ya vibao vya kushusha. Ndani mkawa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, pipa la maji, na pazia la kanga kutenganisha jiko na kitanda. Siku za joto walijibanza pembeni mwa mitende ya Ibra, karibu na falaji, ule mfereji wa maji ya shamba. Baridi ikiingia walishika njia: Sinaw siku ya soko, Mintirib kwenye ukingo wa mchanga, hata Nizwa. Khelef akibeba mbuzi na majani ya mifugo ya watu, Azza akiwashonea mabedui nguo za harusi na za Idi.

Ukisikia hivi utadhani ni starehe, leo hapa, kesho pale. Azza hakuiona starehe hiyo. Mchanga uliingia kwenye wali, kwenye nywele, kwenye msahafu. Baridi ya jangwani ilipenya mbao ikawafika mifupani. Mungu hakuwajaalia mtoto, na jirani wa kumwazima chumvi hakuwepo. Alipopata homa pale Sinaw, alilala kutwa anatazama dari ya mbao, wala hapana mwanamke wa kumwekea mkono kwenye paji la uso. Kila baada ya sala dua yake ilikuwa moja. "Ya Rabbi, nipe kizingiti. Kizingiti tu, nikivuke nijue nimeingia kwangu."

Baridi ya mwaka 1980 Khelef alianza kuwa na mambo. Jua likichwa tu, analisimamisha lori. "Injini nayo kiumbe," husema, "iache ipumzike." Akijimiminia chai, inapita kikombe inamwagika kwenye mkeka. Azza alifikiri ni uzee.

Alasiri moja walitoka Sinaw kwenda Mintirib. Wadha, mwanamke wa kibedui, mteja wa Azza wa siku nyingi, alikuwa anamwoza binti yake, na nguo zote za bi harusi zilikuwa tayari sandukuni. Upande wa milimani wingu lilikuwa limejikusanya, jeusi, zito. Mara lori likaacha njia, likateremka, likarukaruka juu ya mawe na kuzama kwenye mchanga. Walikuwa katikati ya wadi, mto mkavu ambao hauna tone mpaka mvua inyeshe milimani.

"Bwana Khelef, njia iko kule. Umeingia huku kwa nini?"

Khelef alibaki ameukamata usukani.

"Hukuiona?"

"Nimeiona."

Azza akanyoosha mkono mbele ya uso wake. "Vidole vingapi?"

"Azza, usinifanye mtoto."

"Nakuuliza, vingapi?"

Khelef aliinamisha kichwa, akaegemeza paji lake kwenye usukani. "Tangu Ramadhani naona moshi tu," alisema. "Njia naifuata kwa kuihisi."

"Na miezi yote hii unanizungusha majangwani na macho huna?"

"Ningekwambia tungekwenda wapi? Ungerudi kwa Humoud?"

Azza alitaka kulia, na kulia hakukuja. Khelef alikuwa keshainua kichwa, ametega sikio. Kwa mbali kulikuwa na sauti kama ya watu wengi wanaokokota mawe.

"Maji hayo," alisema. "Hamia huku. Shika wewe usukani."

"Mimi? Mimi najua nini?"

"Hujui. N'takwambia."

Khelef akateremka, akapapasa kwa mikono mpaka akazikuta tairi za nyuma, akafukua mchanga na kusukumiza chini yake mbao za kitanda. Akarudi akakaa ubavuni mwa Azza. "Kanyaga klachi, huo mguu wa kushoto. Haya, hiyo ndiyo gia. Mafuta polepole, usiyakanyage kwa hasira." Lori likatetemeka, injini ikazima. Wakaanza tena. Safari hii likajikokota, likafika ukingoni, likaanza kupanda, pua juu, na Azza akapiga kelele kwa furaha. Tairi za nyuma zikateleza. Injini ikazima, na kila akiiwasha ikawa inakohoa tu.

Maji yakatokea kwenye kona, ya rangi ya udongo, yamebeba matawi na mbuzi aliyekufa.

"Teremka," alisema Khelef.

"Na cherehani? Nguo za watu?"

"Teremka, nakwambia!"

Alirukia ukingoni. Alipogeuka, mumewe yuko palepale, mikono kwenye magoti.

"Nenda," Khelef alimwambia. "Mimi nishakuwa mzigo. Dereva asiyeona ni wa nini?"

Maji yalikuwa yashafika kwenye vidato vya mlango. Azza alirudi, akamkamata kanzu kifuani kwa mikono miwili, yeye ambaye maisha yake hajapata hata kumpazia sauti. "Umenitoa kwetu ukanileta huku! Hutoniacha peke yangu na watu nisiojua kusema nao! Simama!" Akamvuta mpaka kanzu ikachanika, wakaanguka wote wawili kwenye matope, wakapanda kwa magoti. Nyuma yao lori liligeuka ubavu, polepole, kisha mto ukalichukua.

Walikaa juu ya ukingo, wamelowa, wameshikana, mpaka jua la asubuhi likatoka. Gari lililokuja lilikuwa la Wadha, analiendesha mwenyewe kama wanavyoendesha wanawake wa mchangani, buibui imefungwa kiunoni. Alikuwa akizitafuta nguo za binti yake.

"Zimekwenda na maji," Azza alimwambia kwa Kiarabu chake kile.

"Nguo hushonwa, ukhti," alisema Wadha, na akamvua Azza shela iliyolowa, akamfunika ya kwake.

Wadha ndiye aliyewapeleka kwa daktari. Daktari alimtazama Khelef macho, akauliza yalianza lini. Akasema mshipa wa macho ushakufa, lau wangekuja mapema lingekuwepo la kufanya. Neno hilo Khelef hakupona nalo. Walirudi kwa Humoud, kwenye chumba kilekile cha uani, na huko akawa haongei. Asubuhi alipapasa kuta mpaka barabarani, akakaa kusikiliza malori yanayopita, na watu wakimrudisha kama mtoto aliyepotea. Mwaka wa nne akafariki, na neno kuhusu wadi hakulitamka tena.

Eda ilipokwisha Wadha alikuja akamtaka Azza akakae naye kambini kwake. Azza alimshukuru, akakataa. "Nimechoka kulala penye kutikisika," alisema.

Akabaki chumbani mle. Idi ilipokaribia, mke mkubwa wa Humoud, mmoja wa wale waliomcheka zamani, akamletea kitambaa na cherehani ya kuazima, akasimama mlangoni kwa haya. Azza aliketi chini, akatia uzi, akashika gurudumu la cherehani. Likamjia kiganjani kama usukani wa lori. Alilia hapo, mbele ya mwanamke yule, kilio ambacho hakukilia wadini wala msibani, na yule mwanamke akaja akakaa kando yake mkekani. Kisha Azza akajifuta uso kwa upande wa kanga, akaanza kushona.