Dhambi Niliyokataa Kuungama

Namshukuru Mungu kwamba leo nasimama kwa miguu yangu mwenyewe, ingawa mmoja umepungua vidole viwili. Mimi ni mkulima wa Khwisero, magharibi mwa Kenya. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mwanamke wa nguvu. Niliingia kupalilia miwa umande ukiwa haujakauka, nikarudi kusonga obusuma, ugali wetu, wa nyumba nzima, na bado nilibaki na sauti ya kwaya. Hospitali niliijua kwa kujifungua tu.

Kisha nikaanza kukojoa kila mara, na kiu haikuisha. Nilisingizia jua. Siku moja shambani nilikanyaga kisiki cha muwa kilichokatwa mshazari. Kilitoboa ndara kikaingia kati ya vidole. Cha ajabu, sikusikia uchungu. Niliona damu tu. Nikaosha kwa maji ya chumvi, nikafunga kitambaa, nikaendelea na kazi.

Kidonda kilikataa kupona. Kilitoa maji, halafu usaha wa kijani, halafu harufu iliyomfanya mume wangu, Festo, awe anakula nje akisema ndani kuna joto. Vidole viwili vikawa vyeusi.

Mtu akiugua kwetu, watu wa ushirika wa nyumbani huja kumwombea. Ila ushirika wetu ulikuwa na utaratibu wake: mgonjwa anaungama kwanza, na ndugu wakiridhika kwamba ametoa yote, ndipo maombi yanaanza. Kiongozi alikuwa jirani yangu Mama Rasoa, aliyenishika mkono siku niliyookoka.

"Dada, mguu haiozangi bure," aliniambia. "Toa hiyo kitu."

Nikaungama niliyoyajua. Nilikuwa nimemsengenya wifi yangu, nikamwomba msamaha mbele ya wote, naye akanisamehe. Mama Rasoa akatikisa kichwa.

"Hiyo ni ndogo. Sema ile kubwa."

Festo akasema anipeleke hospitali.

"Mtaenda," Mama Rasoa akamjibu, "lakini akienda na dhambi, dawa itakataa."

Tukasubiri, kwa sababu tulimwamini. Waliporudi wiki iliyofuata nilikuwa na homa, natetemeka, blanketi limelowa jasho. Mama mmoja akainama karibu nami. "Kama ni mwanaume, sema tu. Festo atakusamehe."

Ndugu zangu, nilikaribia kusema ndiyo. Nilikuwa nimechoka. Niliona neno moja tu lingeleta maombi, na maombi yangefungua njia ya hospitali. Nikamtazama Festo ameketi pale, kichwa chini, anangoja kusikia. Hasira ikanipanda, na kwa hasira ile namshukuru Mungu hadi leo.

"Hakuna mwanaume," nikasema. "Zile dhambi nilifanya, Yesu amenisamehe. Sasa nimletee ya uongo ndiyo aniponye? Sileti. Festo, ita bodaboda."

Kule Kakamega daktari alifungua kitambaa, akanidunga kidole kupima damu huku nikimweleza ya kisiki. "Mama, sukari yako iko juu sana. Imeua hisia za mguu, ndiyo maana hukusikia kile kisiki. Mlikuwa mnangoja nini?"

"Tulikuwa tunangoja dhambi," nikajibu. Hakucheka.

Vidole vilikatwa na nyama iliyooza ikakwanguliwa. Wakati wa kuoshwa kidonda niliuma shuka nisipige kelele. Nilijifunza kujidunga insulini tumboni. Kuna siku niliogopa kwamba labda Mungu amenikasirikia kweli. Hata hivyo nilimwomba, tena kwa ukali, nikimwambia mimi ni mtoto wake na siondoki nyumbani kwake. Taratibu kidonda kikaanza kujaa nyama nyekundu, safi.

Niliporudi nilishuhudia katika ushirika uleule. Nilisema wazi: dhambi ipo, nami ninayo, tena ya kila siku. Ukitenda, tubu. Lakini Yesu alishalipa msalabani, na Mungu hatozi mtu vidole. Ukiwa na kiu isiyoisha au kidonda kisichopona, nenda ukapimwe sukari leo. Utaombewa njiani.

Watu walipoondoka, Mama Rasoa alibaki. Nilidhani ameleta ubishi, nikajiandaa. Akaketi, akavua kiatu, akavuta soksi polepole. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo lenye ngozi nyeupe pembeni, na harufu niliyoijua vizuri.

"Tangu mvua ianze," akasema akilia. "Niliogopa mtaniuliza nimefanya nini. Nimetafuta hiyo dhambi, dada, siioni. Nisamehe."

Nisiwadanganye, moyo wangu ulikuwa bado unauma. Vidole vyangu havitarudi. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba nimekasirika naye na kwamba nimemsamehe, kwa sababu nami nimesamehewa. Kisha nikamwambia avae kiatu, nikatoka barabarani kusimamisha bodaboda. Njia yote hadi kliniki nilimshikilia nikimwombea kwa sauti, na sikumwuliza amefanya nini.