Alizeti Tuliyokificha Kimbunga cha Pwani

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alifundisha shule miaka mingi. Mimi niliishia darasa la pili. Kwa hiyo mwezi ule wa tano alipoingia uani kwangu, simu mkononi, watu wote walinyamaza wamsikilize yeye.

"Shemeji, anua alizeti. Kuna kimbunga baharini, kinaelekea pwani ya kaskazini, Tanga huko."

"Tanga na Ilongero yetu huku bara wapi na wapi?"

"Bahari imechemka, shemeji. Maji ya moto ndiyo chakula chake, kinazidi kunenepa tu."

Alizeti yangu ilikuwa juu ya turubai, vichwa vimekatwa juzi, migongo bado mibichi. Humo mlikuwa na mafuta yetu ya mwaka mzima na mbegu ya msimu ujao. Shamba lingine sina. Nikamuuliza: kama kinakula maji ya moto, kikipanda nchi kavu kitakula nini? Huku kwetu hata kisima kinakauka.

Akacheka. "Hayo mambo ya kitaalamu, shemeji."

Mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu zake, akadakia, "Mama, baba mdogo amesoma."

Tukabeba. Nami nilibeba, sisemi uongo. Ukitajiwa kimbunga mara tatu moyo unalegea. Tukajaza chumba mpaka dirishani, tukafunga mlango. Msomi alisimama akituelekeza, hakugusa hata kichwa kimoja.

Siku tatu jua likawaka Ilongero kama halijapata kusikia habari za bahari. Siku ya nne redio ikasema kimbunga kilipokaribia pwani kilikuta maji ya baridi, kikaishiwa nguvu, kikafia hukohuko. Nikaenda kufungua chumba. Harufu ikanitangulia kutoka. Niliingiza mkono katikati ya lundo nikautoa mbio: moto! Ukungu mweupe umetanda kila kichwa. Bahari iliyochemka kumbe ilikuwa chumbani kwangu.

Tulichambua siku mbili. Tulichookoa kilitosha mbegu, basi. Cha kupeleka mashineni kukamua hakikuwepo.

Juma lililofuata shemeji akaja mchana, wakati wa ugali, saa ambayo hajawahi kuikosea. Nikampakulia ugali wa uwele na majani ya kunde ya kuchemsha.

"Shemeji, mboga mbona haina mafuta?"

"Yalikuwa chumbani. Ulisimamia mwenyewe yakifungiwa."

Mwanangu akainama, akamega tonge. Shemeji naye akaanza kufundisha: kosa halikuwa kuanua, kosa ni dirisha la chumba kile, dogo mno. Nikamwambia ale, na mwaka huu kila akija atakula hivyohivyo.

Jumapili akarudi. Alipokaa tu akatoa mfukoni kichupa cha mafuta, akatazama huku na huku, akakiinamisha juu ya sahani yake peke yake. Nikamnyang'anya, nikamimina yote kwenye sufuria ya mboga ya wote.