Msemaji wa Harusi Agombea Ubunge

Watu wa mtaa wetu wa Rwezamenyo wananijua kwa mdomo wangu. Nilikulia Buyenzi, kule Bujumbura, ambako mtu asiyejua kusema hanunuliwi hata chai, na tangu nirudi Rwanda ni mwaka wa kumi na tisa nikiwa msemaji wa gusaba. Ni ile siku ukoo wa kijana unapokwenda kuomba binti, na wazee wawili wanapambana kwa maneno mbele ya wageni. Mimi ndiye mzee mwenye fimbo. Naahidi ng'ombe kumi na wawili wenye pembe ndefu, na wote pale tunajua ng'ombe ni mmoja, tena yuko ndani ya bahasha. Makofi yanapigwa mpaka bibi wa binti anafuta machozi.

Makofi hayo ndiyo yaliyoniharibu. Uchaguzi wa wabunge ulipokaribia nikajiambia: Révérien, mtu anayepigiwa makofi na watu mia tatu kila Jumamosi atakosaje kura? Mgombea binafsi anatakiwa saini mia sita, na kila wilaya ya nchi itoe angalau kumi na mbili. Nikamweleza mke wangu Annick. Alikuwa anachambua maharage, na hakuacha.

"Utawaambia nini hao watu?"

"Kodi na maendeleo ya uchumi."

"Wewe? Hesabu za kodi ya duka letu mbona napeleka mimi?"

Nikamjibu kwamba hayo ni mambo madogo madogo. Nakwambia, mjinga akivaa suti haambiliki.

Basi nikamwachia duka, nikaanza kuzunguka. Msimamo wangu ulikuwa huu: kodi ya mfanyabiashara mdogo ipungue nusu, masoko yajengwe, viwanda vije Ndera na Gahanga, vijana wapate kazi. Mtu akiuliza pesa itatoka wapi, nainua fimbo. "Kodi ni ng'ombe," nasema. "Ukimkamua mpaka damu, kesho utakunywa nini?" Watu wanacheka, wanasaini. Nilipata saini Rubavu, nikapata Rusizi, nikapata hata Nyagatare, kote huko kupitia mashemeji wa maharusi niliowasemea. Nikaanza kujiita mheshimiwa mbele ya kioo, polepole, ili Annick asisikie.

Wilaya yangu mwenyewe, Nyarugenge, niliiacha ya mwisho. Niliihesabu iko mfukoni. Jioni ya mwisho kabla ya kupeleka fomu nikawaita majirani uani kwetu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nusu yao wameandikishwa kupiga kura wilaya nyingine. Annick alisaini wa kwanza, nadhani kwa huruma. Wakafuata kumi. Akabaki mmoja tu aliyeandikishwa kwetu, Uwera, muuza nyanya wa sokoni. Saini yake ingekuwa ya kumi na mbili. Bila yeye, safari yangu yote ilikuwa kazi bure.

Nikamsogezea kalamu. Hakuishika.

"Mzee Révérien, umesema vizuri," akaanza. "Hata kwa gusaba ya binti yangu Ihirwe ulisema vizuri. Uliwasemea wakwe zangu. Uliahidi ng'ombe wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Wakaja wangapi?"

"Mmoja," nikasema, na watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani.

"Sikukasirika," akasema Uwera. "Gusaba ndivyo ilivyo. Lakini meza yangu sokoni nailipia kila mwezi. Ukipunguza nusu, nani atafagia? Nani atazibua mfereji? Mvua ikinyesha, nyanya zangu zinaelea. Mimi kulipa siogopi. Naogopa mtu anayenipunguzia kwa mdomo, halafu mfereji unaziba."

Nikainua fimbo. "Kodi ni ng'ombe," nikaanza tena. Nilimkasirikia, sitaficha, kisha nikaona aibu, maana alikuwa ameuliza swali la kawaida kabisa nami namrudishia ng'ombe. Majirani hawakucheka tena, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikaweka fimbo chini, nikakaa kwenye benchi kando yake.

"Mama Ihirwe, kwani unalipa nini na nini?"

Akaniangalia kidogo, kuona kama ni utani. Kisha akanieleza moja baada ya nyingine: meza, usafi, ulinzi, patenti ya leseni ya biashara, na ile siku anayofunga biashara kwenda kupanga foleni kwa sababu simu yake haifungui ukurasa wa kodi. Annick alikuwa anaitikia kwa kichwa kila kimoja. Yeye alivijua vyote.

Uwera hakusaini, nami sikumwomba tena. Nilikuwa nimepita wilaya zote thelathini nikihubiri juu ya kodi za watu, na yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemuuliza analipa nini.