Asubuhi Nilipowaita Nzige

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka masikioni. Mpaka leo nikisikia chuma kinagongwa, hata kama ni fundi tu ananyoosha bati lake, mimi hutazama juu angani kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mzee na hakuna anayenidai maelezo. Nakusimulia kwa sababu mama yako ameniambia umepewa darasa lako la kwanza, na tangu upate habari hiyo huli vizuri. Unakaa ukijiuliza maswali na kujijibu mwenyewe. Sikucheki. Ugonjwa huo naujua. Nilizaliwa nao, na sina hakika kama umekwisha.

Nilikuwa kijana, nimetoka karibuni chuo cha ualimu cha misheni, kaptula yangu bado ina mikunjo ya dukani. Kwetu ni Uzinza, upande wa Geita, lakini nilipelekwa Usukumani, mwendo wa kutwa kutoka Shinyanga, kwenye shule ya mapadri iliyokuwa ikikua. Ilianza kama kibanda cha kufundishia katekisimu. Mwaka ule ilikuwa imeongezwa darasa jipya la udongo, nyasi za paa bado zinanukia, na ndani mmefinyangwa viti vya udongo ambavyo hajavikalia mtu. Darasa hilo ndilo nililopewa. Padri, kabla hajapanda baiskeli kwenda kuzungukia vigango vya mbali, alisimama mlangoni pake akaniambia, "Mwalimu, nikirudi nikute watoto humu. Nikikuta patupu, nitapageuza ghala la pamba, na wewe nitakurudisha kwa baba yako."

Alisema hayo akitabasamu. Sasa, mwanangu, mtu mwingine angelichukua tabasamu hilo akaenda nalo akalala. Mimi nililigeuza kichwani kama kiazi kwenye majivu: ni utani, au ni onyo lililovikwa utani? Baba yangu alikuwa ametangaza kanisani kote kwamba mwanawe ni mwalimu. Nikajiona nashuka njia ya nyumbani na sanduku kichwani, watu wakiniuliza, "Shule imefungwa mapema hivi?"

Wa kale walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, ila wenyeji hawakupata nafasi ya kupona, maana sikutoka ndani. Kila asubuhi nilijiambia, leo nitapita nyumba kwa nyumba nikawasalimu. Kisha nikawaza: Kisukuma changu kibovu, watanicheka. Wakinicheka hawataniheshimu. Wasiponiheshimu hawatanipa watoto wao. Basi ni heri nisiende, ili wanipe watoto! Nikawa nashinda darasani peke yangu, naandika ubaoni, nafuta, naandika tena. Niliwasikia watu wakipita njiani na majembe, wakisema, "Yule mwalimu ni mgonjwa?" Nikanyamaza, wapite.

Siku ya kufungua shule ikafika. Mvua zilikuwa zimekubali, mtama umechipua, umefika kwenye kifundo cha mguu. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakiitwa kwa ngoma, lakini ngozi yake ilikuwa imepasuka, na Padri alikuwa ameleta kutoka stesheni ya Shinyanga kipande cha reli, akakitundika kwenye miti miwili mbele ya shule. Hakuna aliyekuwa amekigonga bado. Nikachukua nyundo, nikagonga polepole kama nilivyoagizwa, nikasubiri.

Hakuna aliyekuja.

Nikagonga tena. Njia nyeupe, tupu. Kunguru mmoja alitua juu ya paa, akaniangalia kwa upande. Ndipo mawazo yakaanza: hawaji. Wamekataa. Tayari wamekaa kikao wakakataa. Naliona ghala la pamba, namwona baba. Mkono wangu ukaanza kwenda wenyewe. Niligonga upesi, nikazidi kugonga, bila kupumzika, kama mtu anayefukuza kitu, mpaka masikio yakaziba.

Nilipoacha kugonga ili nivute pumzi, nilisikia sauti ya mwanamke ng'ambo ya kilima. Ilikuwa kali na nyembamba, ikipanda. Sauti nyingine ikaipokea mbali zaidi, na nyingine, ikienda kilima kwa kilima. Nilikuwa mgeni, lakini hata mgeni huambiwa mapema habari ya mwano: ndilo yowe la hatari la Wasukuma. Anayelisikia lazima alipokee na akimbie lilikotoka, na asiyekwenda hutengwa na wenzake. Nikajiuliza, kuna nini? Simba? Nikatamani kujificha darasani. Kisha nikawaona wakitokea, wakaja moja kwa moja kwangu.

Walikuja wanaume kwa wanawake, wazee, watoto, wamebeba madebe, matawi, majembe, vifuniko vya vyungu. Wengine wana mikuki. Mwanangu, lililonitisha si mikuki. Lililonitisha ni kwamba hakuna aliyenitazama. Wote walitazama juu, angani, na baadhi ya wanawake walikuwa wakilia huku wanakimbia.

Wakati huo nikaelewa. Miaka ile nzige walikuwa wametupitia. Walishuka kama wingu, na walipoondoka hapakubaki jani, na njaa iliyofuata sitaki kuizungumza hapa. Dawa yao ilikuwa kelele: gonga debe, gonga jembe, gonga chochote cha chuma wasitue. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilikuwa nimechukua ung'ongo nikauzungusha hewani mbele ya macho yao.

Mbele alikuwa mzee Nkwabi, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji kile. Alijua Kiswahili kwa sababu ujanani alibeba vyuma kwenye ujenzi wa reli.

"Wametokea upande gani?" aliniuliza, akihema.

"Nani, baba?"

"Nzige!"

"Sijaona nzige."

"Sasa ulikuwa unagonga nini?"

Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya kifaranga. "Shule."

Neno likapita nyuma, kutoka kinywa hiki hadi kile: shule, shule, anasema shule. Kisha akajitokeza Mama Kabula, mjane mnene mwenye debe mkononi, ambaye ndiye aliyepiga yowe la kwanza.

"Shule!" akasema. "Nimemwacha mjukuu wangu na homa ndani, nimekimbia na debe mpaka kanga imebaki kwenye miiba, kumbe shule!" Akaligonga debe karibu na sikio langu. "Nzige ni wewe!"

Wengine wakacheka, lakini si wote. Kijana mmoja mwenye mkuki akasema anayepigisha mwano wa uongo hutozwa ng'ombe.

"Ng'ombe gani?" Mama Kabula akamjibu. "Huyu hana hata kuku. Mtozeni ile kaptula."

"Basi king'olewe hicho chuma," akasema yule kijana. "Na mlango wa shule ufungwe. Padri akirudi tumwambie hatutaki mtu wa kututisha." Wanaume kadhaa wakaitikia, wakaanza kuisogelea ile miti miwili. Kile nilichokiogopa tangu siku Padri alipoondoka kilikuwa kinatokea mbele yangu, na nilikuwa nimekiita mimi mwenyewe kwa nyundo.

Mzee Nkwabi akainua mkono, wakasimama. Akanigeukia.

"Nyumba yangu iko wapi, mwalimu?"

"Sijui, baba."

"Ya Mama Kabula?"

"Sijui."

"Nitajie mtoto mmoja tu unayemwita kwa chuma hiki."

Sikuwa na jina hata moja.

"Unawaita usiowajua, kwa sauti wasiyoijua, halafu unakasirika hawaji, unazidi kugonga. Kwa nini hukuja kunisalimu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba mtanicheka."

Akaugeukia umati, kisha akanirudia. "Sasa, tumekucheka au hatukukucheka?"

"Mmenicheka, baba."

"Umekufa?"

"Hapana."

"Haya."

Alikuwa bado hajafunga kinywa chake tuliposikia mtu akipaza sauti kutoka bondeni: "Ng'ombe! Ng'ombe wameingia kwenye mtama!" Wachungaji wote walikuwa wamekuja kupigana na nzige. Waliacha mifugo, na mifugo haikusubiri mjadala wetu. Tukakimbia sote. Nilikimbia nami, viatu vikabaki kwenye tope, na kwa mara ya kwanza tangu nifike sikuwa nawaza chochote. Tuliwatoa, lakini shamba la Mama Kabula lililokuwa karibu na malisho lilikuwa limeliwa na kukanyagwa upande mmoja, machipukizi yamelala kama nywele zilizolowa.

Mama Kabula alilitua debe chini. Alishika kiuno akaangalia. Afadhali angenipiga kwa lile debe.

Mzee Nkwabi aliichukua nyundo yangu, akaitia chini ya kwapa. "Hukumu ya ng'ombe nimeiondoa," akasema, wote wasikie. "Mwalimu atapanda upya alipoharibu. Jioni tutapita pamoja kusalimu. Mpaka hapo, chuma kisiguswe, wala kisishushwe."

Nilipanda mtama ule, mwanangu, na kaptula yangu ya ualimu, Mama Kabula akinifuata nyuma akinisuta: mashimo yamekaribiana, mbegu nyingi mno, huko Uzinza mnalimaje ninyi? Tulipokwenda kwake kunywa maji, mjukuu wake alikuwa amekaa mlangoni, homa imeshuka, akanyoosha kidole, "Bibi, huyu ndiye nzige?" Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Na jua lilipokuwa linashuka nilipita na mzee nyumba kwa nyumba, nikasema mwangaluka wakati ilikuwa jioni, salamu ya asubuhi hiyo, wakacheka, wakanifundisha ya jioni. Kila mlango nilieleza: chuma hiki ni cha kuwaita watoto, si cha nzige. Kila mlango niliogopa upya. Nisikudanganye kwamba hofu iliisha. Ilikuwa tu inaingia nyumba za watu pamoja nami badala ya kunifungia ndani.

Kesho yake asubuhi mzee alinirudishia nyundo. "Gonga kidogo, kisha ukae chini. Usigonge tena."

"Wasipokuja?"

"Usigonge tena, nimesema."

Nikagonga kidogo, nikakaa kwenye kizingiti. Sijawahi kukaa mahali pagumu kama pale. Mkono ulikuwa unawasha. Njia ilikuwa nyeupe, tupu, na yule kunguru alirudi, nadhani ni yuleyule. Niliiweka nyundo chini ya paja langu ili nisiione.

Kisha akatokea Mama Kabula, amemshika mjukuu wake mkono. "Nimemleta amtazame nzige anayefundisha," akasema. Nyuma yao wakaja wengine. Padri aliporudi, darasa halikujaa, nisiseme uongo, lakini halikuwekwa pamba. Nami nikaitwa Mwalimu Nzige mpaka nilipostaafu, na wapo wajukuu wa wale watoto wanaonisalimu hivyo hadi leo.

Basi, mwanangu, sikuambii usiogope. Aliyeniambia hivyo hakunisaidia kitu. Nakuambia usiiache hofu yako ikushike mkono ukiwa umeshika nyundo, kwa maana watu hawasikii hofu yako. Wanasikia ya kwao. Jambo ulilowaza mara moja linatosha. Ukiliwaza na kuliwaza peke yako ndani, linaota mabawa. Toka kabla hujaita. Jua nyumba, jua majina, kosea salamu mbele yao wakucheke mapema, wakati kucheka bado ni rahisi. Ukishaita, ukae chini. Kukaa huko ndiko kazi, nami sijapata kuona kazi nzito kuliko hiyo. Na ukiharibu shamba la mtu, usiombe msamaha ukiwa umesimama; inama ukapande.

Nenda sasa. Mungu aliyenikalisha kwenye kizingiti kile akukalishe na wewe, akuzuie mkono unapowasha, na njia ya mbele ya darasa lako isikawie kupata vumbi la miguu midogo.