Sufuria za Sikukuu Zilivyookoa Okidi za Khuyên

Saa mbili asubuhi, Lê Thị Khuyên anaingia chumba cha maua ya okidi hata viatu hajavua, macho kwenye kipimo kinachoning'inia katikati. Joto, nyuzi ishirini na mbili. Hapo sawa. Unyevu wa hewa, asilimia thelathini na sita. Mdogo mno. Sakafuni kuna vitumba vilivyodondoka.

"Hita zinanipa joto, lakini zinakausha hewa mpaka kitumba kinakata tamaa," anasema. "Nikizizima, baridi inakifumba. Nifanyeje?"

Zimebaki siku nne kufika Tet, sikukuu ya mwaka mpya ya Vietnam, na Văn Giang nzima, wilaya ya wakulima wa maua, inajua kwamba okidi isiyochanua kabla ya mwaka mpya haina mnunuzi.

Kwa miaka minane Khuyên, mwenye umri wa miaka 36, alisoma vipimo kwenye mabanda ya maua ya watu wengine kwa dong milioni sita kwa mwezi. Mwaka huu mama mkwe wake, Bi Thoan, alimwazima chumba alichokuwa akiangulia vifaranga vya bata. Sharti lilikuwa moja: maua yasipofunguka kabla ya sikukuu, bata wanarudi.

Mara mlango unasukumwa kwa kiuno. Ni Bi Thoan mwenyewe, amekumbatia sufuria kubwa ya umeme iliyojaa bánh chưng, ile mikate ya mchele wa kunata ifungwayo kwa majani na kuchemshwa kutwa nzima.

"Mama, humu hapana."

"Jikoni baridi inanitafuna mifupa. Maua yako yana hita. Mimi si mtu?"

Nani abishane na mkwe juu ya hilo? Khuyên ananuna, anachomeka waya, anaendelea kuokota vitumba. Sufuria inatokota, mvuke unapanda. Anapotupa jicho kwenye kipimo, kununa kunamwisha. Unyevu arobaini na tano. Baadaye hamsini na mbili, na joto nalo limeongezeka.

"Nilikisoma kipimo mara mbili," anasimulia. "Kila nikinyunyiza maji, joto linashuka. Sasa vyote viwili vinapanda, na Mama kakaa zake anakula karanga, hana habari."

Anatoka mbio hadi kwa jirani yake, Duyệt.

"Kaka, bánh chưng mnapikia wapi?"

"Uani, kama watu wengine."

"Leteni kwangu. Na sufuria yenu."

"Shemeji, umeanza kulisha maua wali?"

Anamcheka, lakini analeta. Wengine nao wanafuata, na ifikapo mchana chumba kina sufuria tano, birika la chai na wazee wanaocheza karata. Khuyên hatulii. Unyevu ukizidi, anafungua mlango kidogo, ukishuka, anaufunga. "Sabini na mbili," anawatangazia, na wazee wanamshangilia bila kujua ni sabini na mbili ya nini.

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na kitumba sakafuni. Kwenye safu ya dirishani, okidi tatu zilikuwa zimefunguka, nyeupe pe, na nyingine zimeanza kupasuka.

Khuyên akasema atanunua mashine ya mvuke. Bi Thoan, aliyekuwa akigusa petali kwa ncha ya kidole, aligeuka akamkata kauli.

"Mashine ya nini? Mwakani tuanze kupika mapema."

Khuyên alifunika mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimlenga.

"Umemsikia?" akamuuliza Duyệt, aliyekuwa amekuja kuchukua sufuria yake. "Kasema mwakani."